Punje ya udongo kwenye mguu wa bundi

Ilidondoka yenyewe, sikuichokonoa.

Ilikuwa Jumapili usiku. Sarafu nilikuwa nimeiloweka tangu mchana kwenye bilauri ya maji ya betri, yale yaliyosafishwa yasiyo na chumvi wala tindikali, kama nifanyavyo kwa kila fedha mpya inayoingia humu ndani. (Hapa Munich wanayanunua kwa ajili ya pasi za mvuke. Mimi nimekua nikiyaita maji ya betri na sibadili.) Nikaitoa, nikaikausha kwa kitambaa cha pamba, nikailaza kwenye sahani nyeupe na kuvaa lensi ya usonara jichoni. Bundi aliyechorwa juu yake akanikodolea macho, kama kawaida yake. Nilipomgeuza kidogo apate mwanga wa taa, kitu kikaachia kutoka kati ya miguu yake miwili.

Punje. Haizidi punje ya ulezi.

Nikaigusa kwa ncha ya kidole. Ikapondeka, ikaacha doa jekundu la kahawia, kama hina ya siku ya kumi.

Udongo.

Na karatasi iliyokuja na sarafu ile, iliyochapwa vizuri kwa Kijerumani, inasema imetoka kwenye mkusanyo binafsi wa zamani, uliokusanywa kabla ya mwaka 1970.

Yaani zaidi ya miaka hamsini mikononi mwa watu wanaopenda sarafu, wanaozifuta, kuzipima, kuzitoa kwenye droo kila mgeni akija, halafu udongo wa shambani ubaki mguuni kwa bundi ukinisubiri mimi?

Inawezekana. Wapo wakusanyaji wasiotaka kabisa sarafu zao ziguse maji. Nimejiambia hivyo kwa wiki sita sasa, na kila nikijiambia, sauti inapungua.

Na umemlipia?

Sarafu yenyewe si ya maajabu. Ni tetradrakma ya Athens, drakma nne katika kipande kimoja, gramu 17 na ushei, ya nusu ya pili ya karne ya 5 kabla ya Kristo. Upande mmoja kuna kichwa cha Athena, mungu wao wa kike: uso umegeuka ubavu lakini jicho, kubwa kama lozi, linakutazama wewe. Upande wa pili bundi, tawi la mzeituni, mwezi mwandamo mdogo, na herufi tatu, ΑΘΕ, kuonyesha kwamba ni ya Waathene. Zilifuliwa kwa mamilioni. Hakuna jumba la makumbusho litakalonililia.

Yangu ina kovu. Zamani hizohizo mtu alimwekea bundi patasi mgongoni, akapiga nyundo, akaichana mpaka nusu ya unene aone ndani kuna nini. Wakusanyaji wengi wanalikimbia kovu kama hilo, ndiyo maana niliimudu: yuro 480. Mimi naona limemzidishia sura.

Nilimpigia mama simu ya video nikamwonyesha. Akaisogeza simu yake karibu mpaka nikawa naona paji lake la uso tu.

"Ndege gani huyo?"

"Bundi, mama."

Kimya.

"Na umemlipia?"

Bundi akitua juu ya paa kwetu Tanga, watu wanawapitia wagonjwa wa mtaa mmoja mmoja kimoyomoyo. Kwa Waathene alikuwa ndege wa mungu mlinzi wa mji wao, na sarafu zenyewe waliziita bundi. Aristophanes, mtunzi wa michezo ya kuchekesha, mwaka 414 kabla ya Kristo aliwaahidi waamuzi wa mashindano kwamba wakimpa ushindi, bundi wa Laurion, kulikokuwa na machimbo yao ya fedha, hawatawaondokea kamwe: watajenga viota mikobani mwao na kuangua vijisenti. Nilimsimulia mama kisa hicho nikidhani atacheka. Akasema huyo naye alikuwa mchawi.

Sikio la babu

Mapenzi ya fedha nimeyarithi. Babu mzaa mama alikuwa mfua fedha pale Ngamiani, na mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa kuvukuta moto. Familia zilimletea reale kuukuu za Maria Theresa, zile zilizoandikwa 1780 hata kama zimefuliwa miaka mia na hamsini baadaye, au rupia za Mjerumani, azigeuze vikuku vya bibi harusi. Kabla hajakubali kazi aliidondosha kila moja juu ya jiwe jeusi huku ameinamisha kichwa. Fedha halali inalia, sauti yake inakwenda mbali kidogo kabla ya kufa. Yenye risasi inasema dap, inanyamaza.

Baada ya hapo, motoni.

Sijapata kumsikia akimuuliza mteja reale hii umeitoa wapi. "Fedha ikishakuwa maji haina mwenyewe," alikuwa akisema, na kwa miaka mingi niliuona msemo huo kuwa wa hekima. Hata lugha yetu imekubaliana naye: fedha ni madini na fedha ni pesa, neno ni hilohilo. Wayunani nao walikuwa hivyo; argyrion yao ni ya kufua na ni ya kununulia. (Nasema Wayunani, kama Biblia. Nikisema Wagiriki, wazee wa Tanga wanasikia harufu ya mkonge, na wale wenye mashamba ni habari nyingine kabisa.)

Nilipoanza kukusanya, miaka tisa iliyopita, nilijifunza haraka kwa sababu ya sikio lile. Uzito, mlio, rangi ya fedha iliyokaa, kingo zilizopasuka kwa sababu kipande kilipigwa nyundo kikiwa hakijapata moto wa kutosha. Sarafu ya kuigiza hainipiti kirahisi. Wenzangu wa hapa wananiletea zao niwaangalizie, nami nafurahi. Sitakataa kwamba nafurahi.

Mtumwa mwenye patasi

Mwaka 1970 wachimbuaji kwenye uwanja wa soko la kale la Athens waliibua jiwe lenye sheria ya mwaka 375/4 kabla ya Kristo, iliyopendekezwa na mtu aitwaye Nikophon. Ni sheria ya kupima sarafu, na mhusika wake mkuu ni mpimaji wa umma, dokimastes, ambaye ni mtumwa wa dola. Anakaa katikati ya meza za wabadilisha fedha. Unamletea bundi, anampima. Akisema mzima, hakuna muuzaji mwenye ruhusa ya kumkataa. Atakayekataa, bidhaa zake za siku ile zinachukuliwa. Akikuta shaba au risasi ndani, anamkata palepale, na vipande vinakuwa mali ya Mama wa Miungu. Mpimaji asipofanya kazi yake inavyotakiwa, viboko 50.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliipenda kupita kiasi. Nilimwona babu amekaa pale katikati ya meza, ameinamisha kichwa.

Wiki hizi sita nimeirudia nikitafuta kitu kingine, na sikukipata. Hakuna mahali mpimaji anapoambiwa aulize: hii umeipata kwa nani?

Hawakuwa na haja nayo. Sarafu ilikuwa kazini, na kazi yake ni kutoka mkono huu kuingia ule. Anayeiuliza ukoo anachelewesha soko. Sisi ndio tulioitoa kazini, tukailaza kwenye droo yenye mahameli, halafu tukaendelea kuiuliza swali lilelile la sokoni. Miaka tisa nimekuwa nikidondosha sarafu za watu juu ya jiwe la babu, na basi.

Barua tatu

Nilimwandikia muuzaji. Barua ya kwanza ilikuwa ya adabu mno, nikaomba maelezo zaidi kuhusu huo mkusanyo wa zamani. Akajibu kwa maneno yaleyale ya kwenye karatasi, akaongeza kuwa mwenyewe ni bwana mmoja asiyependa kutajwa.

Ya pili nikauliza nchi na mwaka tu, jina sitaki. Jibu: sarafu ni halisi, imehakikiwa na mtaalamu, nisiwe na wasiwasi.

Hapo nilicheka peke yangu jikoni. Namuuliza ilikotoka, ananijibu kuwa inalia vizuri.

Ya tatu nikaomba chochote: kitiketi cha zamani, risiti, picha. Safari hii alijibu ndani ya saa moja. Kama siridhiki, nirudishe, atanirejeshea fedha yangu yote.

Sikurudisha.

Sababu ya heshima ninayo: ningerudisha, angeiuza tena Ijumaa kwa karatasi ileile, nami ningekuwa nimenawa mikono tu. Lakini nikiwa mkweli, ilikuwa usiku, bundi alikuwa mbele yangu chini ya taa, na sikutaka aondoke.

Si kwamba nilikuwa sijui. Kila mtu anayefuatilia minada aliona, kuanzia karibu mwaka 2018, jinsi bundi walivyoanza kumiminika sokoni, wengine wanang'aa kana kwamba wamefuliwa juzi, mpaka bei ikalegea. Bundi hawazaliani, hata kama Aristophanes aliahidi. Wakitokea wengi namna hiyo kwa pamoja, kuna chungu kimefukuliwa mahali, na waliokifukua hawakuita mtu wa makumbusho. Tuliliona hilo, tukanong'onezana, tukasema alhamdulillahi bei imeshuka. Yangu niliinunua katika bei hizo.

Kuna kisa cha New York ambacho wakusanyaji tunakisimulia kama kichekesho. Januari 2012, kwenye mkutano mkubwa wa sarafu katika hoteli ya Waldorf-Astoria, polisi walimkamata daktari mmoja, bingwa wa upasuaji wa mikono na mkusanyaji mashuhuri, akiwa na sarafu za Kiyunani kutoka Sicily alizokuwa akiziuza. Alikuwa amerekodiwa akisema kwamba anajua moja ni mpya, imechimbwa miaka michache tu iliyopita. Sarafu zikapelekwa kupimwa, zikakutwa ni za bandia. Hakimu akampa saa 70 za kuhudumia jamii, faini, na amri ya kuandika makala kuhusu hatari ya sarafu zisizojulikana zilikopita.

Tunachochekea ni kwamba jicho la bingwa lilidanganywa. Nimekisimulia mara ngapi sijui, na kila mara nilimalizia hapo, kwenye ubandia. Ile sehemu ya kwanza, kwamba aliamini zimeibwa ardhini na hilo halikumnyima usingizi, ilikuwa inapita kama utangulizi.

Matundu ya Tongoni

Darasa la tano walitupeleka Tongoni, kusini ya mji wa Tanga. Mnaopajua mnajua: makaburi ya mawe ya matumbawe chini ya mibuyu, bahari karibu, nguzo nyingi zimeanguka. Watoto tulichezea kilichokuwa usawa wa mikono yetu, matundu ya mviringo kwenye kuta za makaburi, laini kwa ndani. Mimi nilitumbukiza ngumi, ikaenea. Nikadhani yalichongwa kwa ajili ya taa.

Mzee aliyekuwa akipatunza akasema, hapana, humo zilikuwa bakuli. Bakuli za kaure kutoka Uchina na nyingine za ng'ambo, zilizopachikwa ukutani kumpamba marehemu. "Zimekwenda," akasema, na hakusema zaidi.

Nilikuwa nimesahau kabisa ngumi ile. Ilinirudia wiki ya tatu, ndani ya treni, nikiwa nawaza ukubwa wa sarafu.

Kila bakuli lililong'olewa pale liko mahali. Limo kwenye kabati ya kioo ya mtu, limefutwa vumbi, na mtu huyo analipenda. Sina shaka kwamba analipenda, kama mimi nimpendavyo bundi. Pengine anajua karne yake, tanuri lililolichoma, jina la ile rangi ya kijani. Na pengine amenunua kihalali, na karatasi anayo, inayosema mkusanyo binafsi wa zamani.

Kumbe bakuli lilikuwa likifanya kazi ukutani. Mchimbuaji akilikuta mahali pake, linamwambia kaburi si la kabla ya tarehe fulani. Likishang'olewa, kaburi linabaki na kisio, na bakuli linabaki pambo.

Chukua mwaka mmoja tu, 1984. Mwaka huo, kwenye kisiwa kidogo cha Mtambwe Mkuu, Pemba, wachimbuaji walipata hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, ndogondogo, zenye majina ya watawala wa pwani, na maandishi ya upande mmoja yanaoana vina na ya upande wa pili, kama beti. Pamoja nazo kulikuwa na dinari chache za dhahabu za Wafatimi, ukoo wa makhalifa wa Misri, ambazo zilisaidia kujua fedha zile ni za zama gani. Kwa kuwa zilipatikana pamoja na mahali panajulikana, leo tunaweza kusema pwani yetu ilikuwa ikifua fedha yake yenyewe karne ya 11. Zingeuzwa moja moja, zingekuwa vipande vyembamba vyenye maandishi ya Kiarabu, vya "Uislamu wa kale, mahali hapajulikani", yuro 30 kila kimoja.

Mwaka huohuo wa 1984, karibu na Elmalı kusini mwa Uturuki, watu wenye kifaa cha kunusia madini walifukua sarafu za fedha karibu 1,900, za Kiyunani na za Lycia, nchi ya kale ya eneo hilo, karne ya 5 kabla ya Kristo. Ndani yake dekadrakma za Athens, za drakma kumi kila moja, zaidi ya kumi, wakati dunia nzima zilikuwa zinahesabika kwa vidole. Zikatoroshwa. Zikapitia mji huuhuu ninaoishi. Nyingi zikaishia kwa tajiri mmoja wa Marekani na wenzake, Uturuki ikashitaki, na hatimaye mwaka 1999 zikarudi. Zilirudi bila shimo lao. Zilivyopangwa, zilikuwa kwenye chungu au mfuko, chini ya nyumba au porini, hayo walibaki nayo waliochimba.

Maji ya sinki

Hapa nilipofika nilikuwa bado najiona mimi ni mpelelezi. Udongo ndio ushahidi wangu, wacha nimtafute mtaalamu.

Kwa sababu yapo mambo yanayosomeka. Fedha yenyewe haisahau kama babu alivyodhani. Ndani yake imebaki risasi kidogo, na vipimo vya isotopu (aina tofauti za atomi) za risasi hiyo vinaweza kuonyesha machimbo ilikotoka. Imekuwa maji mara ngapi sijui, na bado inakumbuka mlima wake. Hilo ni upande wa kuzaliwa. Upande wa kuzikwa unasomeka kwenye uchafu: chembe za mchanga, kutu ya chombo cha shaba kilichokaa karibu, alama ya nyuzi za mfuko.

Uchafu gani, sasa?

Bilauri ile nililoweka saa saba. Maji yalikuwa yamegeuka rangi kidogo, nakumbuka, kama chai iliyochujwa mara ya pili. Niliyamwaga sinki nikafungua bomba. Punje yenyewe niliiponda kwa kidole, na kidole nikakifuta kwenye suruali.

Mtu wa kwanza kukata mnyororo wa habari za sarafu hii ni aliyeifukua. Wa mwisho ni mimi, kwa kitambaa cha pamba, kwa upendo.

Na kumbe wote kabla ya hii nimewaogesha vivyo hivyo. Sarafu thelathini na moja. Ndiyo kazi ya kwanza tunayofundishana: iloweke, usiisugue, badilisha maji mpaka yawe meupe.

Dirhamu za kuhesabika

Siku hizo ndipo nilipoanza kusikia tena Surat Yusuf, si kwa makusudi, ni kwa kuwa aya tulizokariri utotoni zinajileta. Msafara unatuma mchota maji, anashusha ndoo kisimani, anapandisha kijana. Wanamficha kama bidhaa. Kisha wanamuuza kwa thamani duni, *darahima ma'duda*, dirhamu za kuhesabika.

Dirhamu ni drakma. Neno limesafiri kutoka Uyunani likapita kwa Waajemi na Waarabu mpaka likafika madrasani Tanga, na sikulijua mpaka nilipokuwa mtu mzima. Lakini kilichonikaa safari hii ni ule mfuatano: kisima, kuficha, bidhaa, bei. Aliyemnunua Misri huenda hakuambiwa neno juu ya kisima. Aliambiwa ni kijana mzuri.

Sisemi sarafu ni mtu. Ila fedha hii ilitoka kwenye mashimo ya watu. Machimbo ya Laurion, kusini mashariki ya Athens, yana njia za chini kwa chini ambazo nyingine hazifiki mita moja kwa kimo, na waliotambaa humo wengi wao walikuwa watumwa. Xenophon, mwandishi wa kale wa Athens, ameandika kwamba Nikias, jemadari na tajiri, alikuwa na watumwa elfu moja aliowakodisha machimboni, kila kichwa oboli moja kwa siku. Oboli sita ni drakma. Tetradrakma yangu, basi, ni oboli 24: siku 24 za mtu mmoja gizani, na malipo yanakwenda kwa Nikias.

Tumekulia karibu na Pangani. Hesabu ya kichwa na bei yake si somo geni kwetu. Ajabu ni kwamba miaka tisa nimemsifia bundi kwa kuwa alijenga zile merikebu za vita mia mbili zilizomshinda Mwajemi pale Salamis mwaka 480 kabla ya Kristo, na hesabu hii ya oboli 24, ambayo ni ya darasa la tatu, sikuwahi kuifanya.

Aende wapi?

Mwenzangu mmoja wa hapa, mzee mstaafu ninayemheshimu, aliniambia najitesa bure. Sarafu zilitengenezwa zisambae, akasema. Ziko nyingi kuliko majumba yote ya makumbusho yanavyoweza kuonyesha, na bila watu kama sisi elimu yenyewe ya sarafu isingekuwepo. Makusanyo makubwa ya umma yalianzia kwenye droo za watu binafsi. Ni kweli. Akatoa mfano wa hazina ya Asyut ya Misri, iliyotokea mwisho wa miaka ya 1960: fedha karibu 900, nyingi zina kovu la patasi kama la bundi wangu, zikatawanyika kwa wafanyabiashara, na bado wasomi wawili walizifuata zilikokwenda na mwaka 1975 wakatoa kitabu.

Nilimjibu kwamba waliziwahi. Bundi wangu nani atamfuata, na kwa alama gani?

Hakunijibu, akaagiza kahawa nyingine. Hajakasirika, ila hajaniletea sarafu ya kuangaliwa tangu siku hiyo.

Nilifikiria kumrudisha. Ubalozi wa Ugiriki ndio wa kwanza kuja kichwani, lakini bundi wa Athens hawakukaa Athens. Wamefukuliwa Misri, Uturuki, Syria, mpaka Kabul. Kovu la patasi linanong'ona kuwa aliwahi kupita kwa wafanyabiashara wa mashariki au Misri, waliopenda kukata kabla ya kuamini, lakini mnong'ono si anwani. Waarabu wa kusini, huko Yemen, walimpenda kiasi cha kufua bundi wao wenyewe kwa karne kadhaa. Na ni wafanyabiashara wa Yemen hao, kwa maelezo ya baharia wa Kiyunani wa karne ya 1, waliokuwa wakituma manahodha Rhapta, bandari ya kale kwenye pwani yetu, wakaoa huko na kuijua lugha ya wenyeji. Sisemi bundi alifika Tongoni. Nasema kwamba nikimpeleka Athens nitakuwa nimebuni tu, kama karatasi ilivyobuni, ila kwa nia njema.

Kwa hiyo yupo. Mama ameacha kumuuliza. Karatasi ya muuzaji sikuichana. Nyuma yake nimeandika kwa penseli: *Udongo mwekundu kati ya miguu, upande wa bundi. Umeoshwa na mimi, Munich*, na tarehe.

Kasa

Mwezi uliopita nilikwenda tena kwenye soko la sarafu. Nilijiapiza siendi.

Nikanunua moja. Stater, sarafu kuu ya kisiwa cha Aegina, ya fedha, imechakaa sana. Watu wa kisiwa hicho walianza kwa kufua kasa wa baharini na baadaye wakabadilisha wakafua kobe wa nchi kavu. Wazungu wengi wanalazimika kueleza tofauti hiyo kwa maneno mengi, sisi tunayo majina mawili na tunamaliza. Wangu ni kasa, gamba laini, vitone vimefutika. Amekuja na kitiketi cha karatasi iliyogeuka manjano, mwandiko wa wino, na picha yake imo kwenye katalogi ya mnada wa miaka ya 1960: nimelinganisha mpasuko wa ukingoni, ndiyo yenyewe. Bei yake sitaitaja kwa kuwa mama anasomewa haya na dada.

Kabla ya katalogi ile, alikuwa wapi? Hakuna kitu. Miaka sitini ya karatasi, na nyuma yake giza lilelile, ila limesogea mbali kidogo.

Pembeni mwa gamba, pale mguu wa nyuma unapoanzia, ana uchafu mweusi umeganda. Unamharibia sura, kusema kweli. Kila nikimweka chini ya taa mkono unawasha.

Bilauri nimeirudisha kabatini.